Tenreki wa Madagaska na Sange wa Arabuko-Sokoke: Wanyama Wadogo Wala Wadudu na Somo Lao Kwetu

SOMO LA MAZINGIRA



Ukipita asubuhi na mapema karibu na magofu ya Gede, au kwenye vijia vya msitu wa Arabuko-Sokoke, huenda ukasikia majani makavu yakichakarishwa, kisha vishindo vidogo vya haraka, kama mtu anayepiga ngoma kwa kidole. Ukisimama kimya utamwona mnyama wa kimo cha sungura mdogo, mwenye pua ndefu inayochezacheza, miguu myembamba, na manyoya ya rangi ya dhahabu sehemu ya nyuma. Huyo ni sange kiuno-dhahabu. Wengi wetu tumemwona tangu utotoni, na kwa kuwa tumemzoea, hatumtilii maanani.

Katika toleo hili tunajifunza kumhusu yeye pamoja na jamaa zake wanaoishi visiwani, hasa tenreki wa Madagaska. Tumeuchagua ukoo huu kwa sababu mbili. Kwanza, visa vya wanyama hawa ni vya kustaajabisha na vinafaa kusomwa pamoja na watoto. Pili, yaliyowapata wanyama wadogo wa visiwani yanaweza kuupata msitu wetu pia, na uamuzi wa jambo hilo umo mikononi mwa sisi tunaoishi kandokando yake.

Baada ya kusoma somo hili, msomaji ataweza:

1. Kumtofautisha sange, tenreki, kirukanjia na kalunguyeye.
2. Kueleza jinsi tenreki walivyofika Madagaska na walivyobadilika huko.
3. Kueleza kwa nini mnyama wa kisiwani hutoweka upesi.
4. Kutaja mambo anayoweza kufanya yeye mwenyewe kumlinda sange wa Kilifi.

Wanafanana, lakini si ndugu

Tuanze na majina, maana hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Kirukanjia ni yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua iliyochongoka, ambaye jina lake lenyewe linaeleza desturi yake ya kukatiza njia. Kalunguyeye ni yule mwenye miiba mifupi anayejikunja akawa kama mpira akiguswa. Wote wawili hula wadudu.

Sange naye hula wadudu, na pua yake ni ndefu. Tenreki wa Madagaska hali kadhalika, na baadhi yao wana miiba kama ya kalunguyeye. Kwa miaka mingi wataalamu waliwaweka wote hawa katika kundi moja la wala wadudu, kwa kuwa walifanana kwa sura na kwa chakula.

Mambo yalibadilika wataalamu walipoanza kuchunguza vinasaba, yaani ile hati ya urithi iliyomo ndani ya kila chembe ya mwili. Vinasaba vilionyesha kwamba tenreki si ndugu wa kalunguyeye, na sange si ndugu wa kirukanjia. Mwaka 1998 ukoo wao ulipewa jina la Afrotheria, maana yake wanyama wa Afrika. Ndani ya ukoo huo wamo ndovu, pimbi, nguva, muhanga, fuko-dhahabu wa kusini mwa Afrika, sange na tenreki.

Kwa maneno mengine, sange anayechakura majani pale Gede ana udugu wa karibu zaidi na ndovu wa Arabuko-Sokoke kuliko alio nao na kirukanjia anayepita uani kwako. Sura hudanganya. Wanyama wawili wakifanya kazi moja kwa muda mrefu, kwa mfano kuchimbua wadudu kwa pua, miili yao huja kufanana ingawa mababu zao ni tofauti.

Tenreki walifikaje Madagaska?

Madagaska, kisiwa ambacho wazee wa pwani walikiita Bukini, ni nchi kubwa iliyo mashariki ya Msumbiji. Ilijitenga na bara la Afrika zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, na mahali bahari ilipo nyembamba kabisa kati yao pana kilomita 400 hivi. Tenreki walianza kuwako muda mrefu sana baada ya utengano huo. Je, walivukaje bahari?

Jibu linalokubaliwa na wataalamu wengi ni kwamba walivuka kwa vyelezo vya asili. Mto mkubwa unapofurika hung'oa miti na vichaka vizima pamoja na udongo na mizizi yake, ukavisukuma hadi baharini. Yeyote anayeishi karibu na Mto Sabaki amewahi kuona magogo yakielea kuelekea Bahari ya Hindi wakati wa mafuriko. Katika mamilioni ya miaka, chelezo kimoja chenye wanyama wadogo wachache kikisukumwa na mkondo ufaao kinatosha kuanzisha kizazi kipya ng'ambo. Vinasaba vinaonyesha kwamba tenreki wote wa Madagaska wametokana na wahamiaji wa asili moja.

Mnyama mdogo ana nafuu katika safari kama hiyo. Chakula chake ni kidogo, naye anaweza kujificha ndani ya shina. Tenreki ana nafuu nyingine pia: anaweza kupunguza joto la mwili wake na kulala usingizi mzito kwa muda mrefu, asihitaji kula wala kunywa sana.

Babu mmoja, maisha ya namna nyingi

Wahamiaji hao walipofika walikuta kisiwa chenye nafasi nyingi. Hakukuwa na kirukanjia wa kushindana nao, wala fuko, wala kalunguyeye. Wajukuu wao wakagawana kazi. Leo zipo spishi zaidi ya 30 za tenreki. Hebu tuwatazame wachache.

*Tenreki asiye na mkia.* Huyu ndiye mkubwa kuliko wote. Anaweza kufikisha kilo moja na nusu au zaidi. Wamadagaska humwita trandraka. Anashikilia rekodi miongoni mwa mamalia wote kwa idadi ya watoto wanaozaliwa kwa uzazi mmoja: wamewahi kuhesabiwa 32. Ana pia chuchu nyingi, hadi 29. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2014 walionyesha kwamba anaweza kulala miezi tisa mfululizo bila kuamka, tena katika nchi ya joto. Usingizi wa namna hiyo watu walizoea kuuhusisha na wanyama wa nchi za baridi kali.

*Tenreki wa mistari.* Ni mdogo, mweusi mwenye mistari ya manjano, na huishi katika misitu ya mvua ya mashariki ya kisiwa. Chakula chake kikuu ni nyungunyungu. Mgongoni ana kikundi cha miiba maalumu ambayo huisugua pamoja ikatoa sauti nyembamba, kama panzi anavyosugua mabawa. Mama na watoto hutumia sauti hiyo kutafutana gizani ndani ya vichaka. Hakuna mamalia mwingine anayejulikana kuwasiliana kwa njia hiyo.

*Tenreki wa miiba.* Hawa wanafanana na kalunguyeye kiasi kwamba mgeni hawezi kuwatofautisha. Wakitishwa hujikunja, miiba ikatazama nje.

*Tenreki wa majini.* Ana ngozi katikati ya vidole vya miguu kama bata, na hutafuta wadudu katika vijito vya maji safi yaendayo kasi. Kijito kikijaa matope kwa sababu msitu wa juu umekatwa, chakula chake hupotea.

*Tenreki wadogo wenye mkia mrefu.* Ndio wengi zaidi kwa idadi ya spishi. Wengine hutambaa chini ya majani, wengine hupanda vichaka. Aliye mdogo kuliko wote ana uzito wa gramu chache tu.

Hapa pana jambo la kuwauliza watoto nyumbani: mbona wote wametoka kwa babu mmoja na bado wana maisha tofauti hivyo? Ni kwa sababu kila mmoja alipata chakula chake na mahali pake. Msitu wenye sehemu nyingi, yaani vijito, vichaka, magogo yaliyooza na majani yaliyoanguka, hulisha aina nyingi za wanyama. Msitu ukifanywa wa namna moja tu, wengi hukosa pa kuishi.

Tenreki, Wangazija na wasafiri wa bahari

Tenreki asiye na mkia anapatikana pia katika visiwa vya Komoro, Mauritius, Reunion na Shelisheli. Huko hakufika kwa chelezo. Alipelekwa na binadamu, hasa kwa ajili ya nyama. Komoro na Mayotte wanamwita landra, jina linalofanana na trandraka la Bukini. Anayejua historia ya majahazi yetu hatashangaa, kwani watu wa visiwa hivyo na wa pwani yetu wamekuwa wakipelekeana mbegu, mifugo, majina na ndoa kwa karne nyingi.

Kumhamisha mnyama kutoka kisiwa kimoja hadi kingine si jambo dogo, hata hivyo. Mara nyingi mgeni huharibu mambo, kama sehemu ifuatayo inavyoonyesha.

Kisiwa hakina mlango wa nyuma

Nje ya Bahari ya Hindi, katika visiwa vya Karibi, kuna mnyama mwingine mla wadudu aitwaye solenodoni. Anaishi Cuba, na pia katika kisiwa cha Hispaniola kinachogawanywa na Haiti na Jamhuri ya Dominika. Ni miongoni mwa mamalia wachache sana wenye sumu. Sumu hiyo hupita katika mfereji mdogo ulio kwenye jino la mbele la chini. Huyu si wa ukoo wa tenreki, bali ni jamaa wa mbali wa fuko na kirukanjia. Ameishi duniani tangu enzi za dinosaria.

Ungedhani mnyama aliyeishi muda mrefu hivyo hawezi kushindwa na lolote. Wazungu walipofika Karibi na meli zao, walikuja na panya, mbwa, paka, na baadaye nguchiro. Solenodoni hakuwa amezoea maadui wa namna hiyo, wala hakujua kuwakimbia. Huko Cuba kuna wakati wataalamu waliamini ameshatoweka kabisa, hadi alipopatikana tena. Wanyama wengine wadogo wala wadudu waliokuwa majirani zake, waitwao nesofonti, hawakubahatika. Wote wamekwisha, na tunawajua kwa mifupa iliyopatikana mapangoni.

Mfano wa karibu zaidi na nyakati zetu unatoka Kisiwa cha Christmas, kilicho katika Bahari ya Hindi kusini mwa Java, chini ya Australia. Huko aliishi kirukanjia ambaye hakupatikana mahali pengine popote duniani. Watu walipohamia kisiwani mwishoni mwa karne ya 19, meli zilileta panya weusi. Katika miaka michache spishi mbili za panya wa asili wa kisiwa zikatoweka, na kirukanjia akawa adimu sana. Mara ya mwisho alionekana mwaka 1985. Watu walimtafuta kwa miaka 40. Mwaka 2025 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilitangaza kwamba ametoweka duniani.

Ona kwamba hakuna aliyekusudia kummaliza kirukanjia yule. Hakuuzwa na hakuwa adui wa mtu. Alikufa kwa jambo lililoonekana dogo, panya waliotoka melini. Mnyama wa bara akisumbuliwa hapa huhamia kule. Mnyama wa kisiwani, mbele yake ni bahari na nyuma yake ni bahari.

Sange: wa visiwani na wa kwetu

Turudi nyumbani. Sange wanapatikana Afrika peke yake. Wengine wanaishi visiwani: katika Unguja na Mafia, nchini Tanzania, yupo sange mkubwa mweusi mwenye wekundu, ambaye mgeni anaweza kubahatika kumwona katika msitu wa Jozani. Mababu zake hawakuhitaji chelezo. Visiwa hivyo viliwahi kuunganika na bara wakati maji ya bahari yalipokuwa chini, na bahari ilipopanda sange wakabaki upande wa pili.

Kilifi tuna sange kiuno-dhahabu. Makao yake makuu duniani ni msitu wa Arabuko-Sokoke, pamoja na vipande vya misitu iliyo karibu, ukiwemo ule unaozunguka magofu ya Gede. Yaliyo muhimu kumhusu ni haya:

*Mwili.* Uzito wake ni kama nusu kilo. Urefu wa kichwa na kiwiliwili ni sentimita 28 hivi, na mkia sentimita 24. Anaweza kukimbia hadi kilomita 25 kwa saa. Chini ya manyoya ya dhahabu ana ngozi nene inayomkinga meno ya sange mwenzake wanapogombania mipaka.

*Chakula.* Panzi, mbawakawa, buibui, jongoo, tandu, mchwa, siafu na nyungunyungu. Hutembea mchana kutwa akichakura majani kwa pua na makucha. Mara nyingi ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya chungwa humfuata nyuma, akidokoa wadudu wanaofurushwa.

*Makao.* Hujenga kiota cha majani makavu chini, hasa asubuhi na mapema, majani yakiwa bado na umande na hayapigi kelele. Hubadilisha viota mara kwa mara ili adui asimzoee.

*Familia.* Dume na jike huishi wawili wawili katika eneo lao, na kila mmoja hulinda mipaka dhidi ya wa jinsia yake. Mtafiti Galen Rathbun, aliyewafuatilia pale Gede miaka ya 1970, aliona kwamba jozi moja inahitaji karibu hekta 1.7, yaani zaidi kidogo ya ekari nne.

*Uzazi.* Mimba huchukua takriban siku 42. Huzaliwa mtoto mmoja tu. Hukaa kiotani kama wiki mbili, kisha huanza kumfuata mama yake.

*Onyo.* Anapohisi hatari hupiga mkia kwenye majani makavu, na hivyo ndivyo vile vishindo tulivyovitaja mwanzoni.

Arabuko-Sokoke ni kisiwa

Zamani misitu ya pwani ilienea kutoka Somalia hadi Msumbiji. Leo vimebaki vipande. Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita mraba 420 hivi, ndio mkubwa zaidi kati ya vipande vya namna yake vilivyosalia Afrika Mashariki. Ukiutazama kutoka angani utaona rangi ya kijani iliyokolea, halafu mashamba, barabara na makaazi pande zote. Sange haishi shambani, kwa kuwa hapana majani makavu ya kumficha wala ya kumtafutia chakula. Kwake yeye mahindi na mihogo yetu ni kama bahari. Anaishi kisiwani, ingawa yuko bara.

Mapema miaka ya 1990 sange wa Arabuko-Sokoke walikadiriwa kuwa karibu 20,000. Miaka kumi na mitano hivi baadaye makadirio yalikuwa karibu 13,000. IUCN imemweka katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Sababu zinazotajwa ni mitego ya kamba, mbwa wanaozurura msituni, na kukatwa kwa miti. Mti mkubwa ukikatwa, jua hupenya hadi chini, majani huanguka machache, udongo hukauka, na wadudu hupungua.

Hesabu ya watoto

Baadhi yetu husema: "Mbona Madagaska wanawinda tenreki miaka nenda miaka rudi, nao bado wapo?" Swali ni zuri, na jibu lake ni hesabu.

Tenreki asiye na mkia huzaa kwa mara moja watoto kumi, ishirini, pengine thelathini. Sange huzaa mmoja. Jike mwenye afya, katika mwaka mwema, atapata watoto wanne au watano, na si wote watakaopona nyoka na mwewe. Kwa hivyo tenreki ishirini wakiliwa, uzazi mmoja wa jike waweza kuziba pengo. Sange ishirini wakinaswa, pengo hilo linahitaji jozi nyingi na muda mrefu. Tena mama akinaswa katika zile wiki mbili ambazo mtoto yuko kiotani ananyonya, mtego huo mmoja umeua wawili.

Wakati huohuo tujiulize faida. Sange ana uzito wa nusu kilo kabla ya kuchunwa. Nyama inayobaki haitoshi kitoweo cha familia ya watu watano. Mtego ukishawekwa, hauchagui. Hunasa sange, paa mdogo na hata mbwa wa jirani.

Hatuandiki haya kumlaumu mzazi anayetafuta chakula cha watoto wake. Ukame ukibana na mahindi yakikauka, watu huingia msituni kwa sababu hawana pengine pa kwenda. Ila ni vyema kila mmoja ajue gharama halisi ya kitoweo hicho, na ajue kwamba Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza uwindaji wa kitoweo.

Msitu ulio hai unalipa

Kaunti yetu tayari ina mfano. Mradi wa Kipepeo wa Gede ulianza mwaka 1993. Wakulima wanaopakana na msitu hufuga viwavi wa vipepeo hadi hatua ya bundo, na mabundo hayo huuzwa kwa maonyesho ya vipepeo ng'ambo. Vipepeo wazazi na mimea wanayokula hutoka msituni. Msitu ukiisha, biashara hiyo nayo imeisha. Wafugaji nyuki wanaoweka mizinga kandokando ya msitu wanajua hesabu hiyohiyo, sawa na waongozaji wa watalii wanaokuja kutazama ndege wa Sokoke. Magofu ya Gede, ambayo mwaka 2024 yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, yanawapa wageni sababu moja zaidi ya kuja, na wengi hustaajabu wanapomwona sange akipita kati ya kuta za zamani.

Nani anasimamia nini?

Wakaazi huuliza mara kwa mara kwa nini kaunti "haifanyi kitu" kuhusu wanyama. Chini ya Katiba ya 2010, ulinzi wa wanyamapori ni jukumu la serikali ya kitaifa. Serikali za kaunti zimepewa kazi ya kutekeleza sera za kitaifa za mazingira, zikiwemo za misitu na hifadhi ya udongo na maji. Msitu wa Arabuko-Sokoke unasimamiwa kwa pamoja na shirika la huduma za misitu KFS, shirika la wanyamapori KWS, taasisi ya utafiti wa misitu KEFRI na Makavazi ya Kitaifa. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inawapa wakaazi nafasi ya kushiriki kupitia vyama vya kijamii vya misitu. Kama unaishi karibu na msitu na hujajiunga, uliza afisa wa misitu aliye karibu nawe jinsi ya kuwa mwanachama.

Mambo sita unayoweza kufanya

1. Usitege, na usinunue nyama ya porini. Mnunuzi ndiye anayemrudisha mtegaji msituni.
2. Ukikuta mtego, mjulishe afisa wa KWS au KFS, au pitia kwa chifu. Usijaribu kukabiliana na mtegaji peke yako.
3. Mfunge mbwa wako usiku na usimwache aingie msituni. Mpeleke pia achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa.
4. Panda miti ya kuni na nguo za kujengea shambani mwako, ili usihitaji ya msituni.
5. Usichome moto majani makavu karibu na mpaka wa msitu. Kwa sange, majani hayo ni nyumba na ghala la chakula.
6. Walimu, wapelekeni wanafunzi Gede wakamwone sange kwa macho yao. Mtoto hamlindi mnyama asiyemjua.

Maswali ya kujadili nyumbani na shuleni

1. Taja wanyama watatu wakubwa wa ukoo wa Afrotheria. Nani kati yao anapatikana Arabuko-Sokoke?
2. Tenreki na kalunguyeye wana miiba, lakini si ndugu wa karibu. Eleza kwa nini wanafanana.
3. Jozi moja ya sange inahitaji zaidi ya ekari nne za msitu. Kijiji kikikata ekari arobaini, ni jozi ngapi, kwa kukadiria, zitakosa makao?
4. Kirukanjia wa Kisiwa cha Christmas alitoweka bila mtu kukusudia. Ni mambo gani tunayofanya bila kukusudia yanayoweza kumdhuru sange?
5. Waulize wazee wa kijijini kwenu: sange walionekana wapi zamani ambapo siku hizi hawaonekani? Andika majina ya mahali hapo.

Swali hilo la tano tunaliomba lifanywe kwa bidii. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hatua ya kwanza ya kuuziba ni kuujua uko wapi. Shule au kikundi kitakachoandika orodha ya mahali hapo kinaweza kuiwasilisha kwa afisa wa misitu wa eneo lake. Wazee wanaokumbuka msitu ulipofika hawatakuwa nasi siku zote, na wanayoyakumbuka hayajaandikwa popote.